Saini ya Dobi

Siku Daktari alipokuja kumbembeleza Dobi, alimkuta ameshika soksi za watu, anazifikicha damu ya ruba.

Wageni wa nyumba ile ya msituni walikuwa na mambo yao. Mtu mzima na akili zake, ana nyumba nzuri, ana kochi la kuegemea, anaacha vyote anakuja kulala kwenye kibanda cha mbao kinachovuja, na asubuhi anavaa mabuti kwenda kuhesabu konokono. Wenyewe waliita kazi hiyo sayansi ya watu wote. Kila mmoja alipewa kipande chake cha msitu na kitabu chake cha fomu, azunguke, aone, aandike. Wakirudi wamelowa chepechepe, wamenyonywa na ruba mpaka kiunoni, wanacheka wenyewe, na mashuka meupe ndiyo wanayojifutia. Dobi alikuwa mwaka wa sita akiyafua mashuka hayo. Kama kuna kitu alichovumbua yeye katika msitu ule, ni kwamba matope ya mtu msomi hutoka kwa sabuni ile ile.

Sheria moja tu ya pale ndiyo aliyoiheshimu. Hakuna aliyeruhusiwa kusema ameona kitu mpaka mtu wa pili aseme naye amekiona. Chini ya kila fomu palikuwa na sehemu ya jicho la pili: ulikiona wapi, ulikiona lini, weka saini. Wakati wa chai ya alasiri, mgeni akisimama kujigamba kwamba ameona kipepeo ambaye hajaonekana miaka ishirini, wenzake wote humpigia kelele kwa pamoja, "Jicho la piliii?" Asiye nalo anakaa chini, anakunywa chai yake kimya.

Aliyeitunga sheria hiyo ni Daktari mwenyewe. Udaktari wake ulikuwa bado haujafika, mwaka wa nne sasa uko njiani, lakini jina alikuwa ameshajivika na lilimkaa vizuri kama koti la kuazima lililobahatika kumtosha.

"Leo atakuja," shangazi yake Dobi alikuwa amemwambia asubuhi. Shangazi ndiye aliyekuwa mpishi wa pale, na kutoka jikoni kwake aliona kila kitu. "Nimemwona anazungukazunguka kama anatafuta chumvi. Na mama yake amefika jana na masanduku matatu. Sasa sikiliza. Yule mwanaume akikuomba hata kibanio cha nguo, mwambie vimekwisha."

"Aniombe nini mimi, shangazi? Mimi na yeye yalishakwisha."

"Yamekwisha, na jina lake likitajwa unashika pasi upande wa moto," shangazi alimjibu, akaenda kumenya viazi.

Ndipo alasiri, saa moja kabla ya chai, mlango wa chumba cha kukaushia nguo ukafunguliwa taratibu. Kwa unyevu wa msitu ule hakuna kinachokauka nje, kwa hiyo mashuka yalianikwa humo ndani, safu kwa safu, juu ya bomba la joto lililotoka kwenye jiko la kuni. Daktari alijipenyeza kati ya mashuka, fomu mkononi, mvua ikiwa bado inamtiririka kwenye nyusi. Amekonda kidogo. Macho yale yale, ya mtu anayetazama kitu kana kwamba hakijawahi kutazamwa na mwingine. Moyo wa Dobi, kitu kisicho na adabu kabisa, uliruka.

"Hujambo, Povu."

Povu! Mwaka mzima na nusu hakuna aliyemwita hivyo. Lilikuwa jina lao la wawili, la siku zile ambapo Daktari alikaa juu ya kapu lililogeuzwa, akamtajia majina ya majani, na yeye akimfundisha namna ya kushuka mteremko bila kukalia matope. Siku zile alimwambia, nitamleta mama akuone. Akamleta kweli.

"Sijambo," Dobi alisema. "Kama umeleta nguo, kapu liko mlangoni."

"Sikuleta nguo."

"Basi umepotea njia. Chai inanywewa kule barazani."

"Povu, usinifanyie hivyo. Nina shida."

"Shida zako zina wenyewe. Ziko kwenye masanduku matatu."

Daktari akaikunjua fomu na kuiweka juu ya meza ya pasi, akailainisha kwa kiganja. "Nahitaji saini yako. Ya jicho la pili. Ni ile ya chura."

Nani asiyejua habari ya chura? Wiki saba zilizopita, mgeni mmoja mstaafu wa benki, mama mnene mcheshi ambaye wote walimwita Mama Kofia kwa sababu ya kofia yake pana kama sinia, alipiga ukelele kama aliyeumwa na nyoka. Alikuwa amemwona chura mdogo kama kidole gumba, kijani kibichi, na mapajani ana mistari ya rangi ya chungwa. Akampiga picha. Chura akaruka, akaangukia rundo la taulo safi mikononi mwa Dobi, na Dobi akamfunika kwa taulo moja kama anayefunika sahani ya chakula. Ndivyo chura asiyejulikana na sayansi yoyote duniani alivyokamatwa. Leo saa kumi, mbele ya wageni wote na watu waliotoka chuo kikuu, Daktari angetangaza ugunduzi wake. Tena chura angepewa jina la mama yake Daktari. Dobi aliposikia hilo alicheka mpaka akaketi chini, maana kati ya viumbe wote wa Mungu wasiopenda kujibu salamu, hao wawili walifanana.

Aliisoma fomu. Mahali: *Kijitoni, jiwe la pili.*

Akaisoma tena, na kitu kikamlegea kifuani. Kumbe hajui! Kumbe maskini amekosea tu! Mama Kofia alikuwa amepangiwa kijito, na wageni wa pale walikuwa na ugonjwa huo, waliandika kipande walichopangiwa na si mahali waliposimama, kama mwanafunzi anavyoandika jina la darasa juu ya daftari hata akiwa mtoro. Siku ile Mama Kofia hakwenda kijitoni. Dobi alikuwepo. Hasira yake yote ya mwaka na nusu ikajikunja pembeni, akamwonea huruma mwanaume huyu atakayesimama mbele ya watu na kujiaibisha.

"Kaa," alimwambia, na sauti ilikuwa ya zamani. Akamsogezea kapu. "Kaa nikwambie kitu, na usikasirike. Yule chura hakutoka kijitoni."

Daktari hakukaa.

"Alitoka kwenye chungu. Unakumbuka mwenye nyumba alivyoona msitu wake haujakaa kimsitu vya kutosha, akaagiza vyungu ishirini vya maua kutoka kitalu cha mjini? Nilivishusha mimi kwenye gari, mimi na shangazi. Siku ya pili yake ndipo Mama Kofia akapiga kelele, na alikuwa amekaa pale mapokezi, miguu inamuuma, mbele ya chungu cha tatu. Hata kwenye picha kinaonekana, alinionyesha mwenyewe. Chungu, na kibandiko cha kitalu juu yake. Sasa tangu lini mawe ya kijito yakawa na vibandiko?"

Alitabasamu. Alingoja yeye naye ashtuke, ashike kichwa, aseme, Povu umeniokoa. Lakini Daktari hakushtuka. Alitazama mlango, kisha akatazama fomu, kisha akatazama kidole gumba chake.

Na Dobi akaikumbuka ile picha kubwa iliyobandikwa barazani tangu juzi. Chura peke yake, anang'aa, amejaa karatasi yote. Hakuna chungu.

"Picha imekatwa," alisema polepole.

"Ilikatwa ili ikae vizuri."

"Nani aliikata?"

Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye shuka moja, likalia *chss* juu ya bomba.

"Ulijua lini?"

"Povu..."

"Nimekuuliza, ulijua lini?"

"Wiki ya pili," Daktari alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikwenda kitaluni. Wamejaa kule. Wanawafagia kwa ufagio."

Loh! Basi wiki tano nzima wageni walikuwa wamelazwa kifudifudi kwenye jiwe la pili la kijito, watu wazima wenye wajukuu, wananyonywa na ruba, wanamtafuta chura wa pili, na yeye anajua hayupo. Na yeye Dobi alikuwa akifua zile soksi! Alizitazama mkononi mwake. Akazitupa ndani ya ndoo.

"Miaka minne," Daktari alisema haraka haraka, kama mtu aliyefumaniwa. "Miaka minne msituni humu sijapata hata mdudu. Wenzangu wote wamemaliza. Chuo wameniambia mwaka huu ndio wa mwisho. Mama ameshawaambia watu wote. Nikipata huyu, nimemaliza, naajiriwa, naanza maisha. Ni chura tu, Povu. Hatamdhuru mtu."

"Na jicho la pili? Si wewe uliyetufundisha?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ndiye uliyemwona. Andika tu kijitoni, uweke saini."

Mlango ulifunguliwa tena, safari hii bila taratibu. Mama yake Daktari aliingia akiwa ameshika ukingo wa gauni lisiguse mashuka, mashuka yaliyokuwa masafi kuliko gauni. Alikuwa mwalimu mkuu maisha yake yote na alikuwa bado anaingia kila chumba kama kina watoto wanaopiga kelele.

"Bado tu?" alimuuliza mwanawe. "Saini moja inachukua saa nzima?"

Dobi hakusalimia. Salamu yake alikuwa ameshaitoa, mwaka na nusu uliopita, katika chumba hiki hiki. Alikuwa amesema shikamoo mama, amefuta mikono, amevaa gauni lake la njano. Na mama huyu alimpandisha na kumshusha kwa macho, kisha akamuuliza mwanawe, "Huyu ndiye?" Na mwanaume aliyemwita Povu, aliyemwahidi mbingu na ardhi, akajibu, "Hapana mama. Huyu ni mfanyakazi wa hapa tu." Maneno manane tu. Dobi aliyahesabu usiku mwingi.

"Anakataa?" mama aliuliza.

"Mama, ngoja kidogo."

"Nimengoja miaka minne." Akamgeukia Dobi, na ghafla uso wake ukafanya kazi ngumu ya kulainika. Ilimchukua muda. "Marahaba, mwanangu."

Dobi alidhani hakusikia vizuri.

"Nimesema marahaba. Mwanangu. Mimi ni mtu mzima, nimekosea, nami sioni haya kusema. Mtoto huyu bado anakupenda, usiku anakutaja. Basi mambo ni mepesi. Wewe andika hapo anavyotaka, leo tumalize shughuli yetu, na mwezi ujao mimi mwenyewe nitakwenda kwa wazazi wako na watu wangu. Utaingia kwangu kwa mlango wa mbele. Nani atakumbuka tena mambo ya sabuni?"

Niseme ukweli, na Dobi mwenyewe hakuuficha baadaye alipomsimulia shangazi yake: alitamani. Alimtazama Daktari na Daktari akamtazama, na katika macho yale aliona nyumba yenye dirisha, na watoto wawili, na mtu anayemwita Povu kila asubuhi mpaka uzeeni. Kitu alichokililia kwenye mto kilikuwa kimewekwa juu ya meza ya pasi. Bei yake ni neno moja, kijitoni, na kwa chura ambaye hata hajui kwamba anazungumziwa.

"Unanipenda kweli?" alimuuliza, na hakujali mama yuko hapo.

"Nakupenda. Wallahi nakupenda."

"Mwaka na nusu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini? Yangu?"

Daktari akachukua kalamu mfukoni mwake, akamsogezea, kwa upole kabisa, kama zamani alivyomsogezea maua ya porini. Na ni ule upole uliommaliza Dobi. Angekuja kwa ukali, pengine angemsamehe. Alikuja na mapenzi mkononi kama mtu anayekuja na kopo kuazima sukari.

Dobi akaishika kalamu, akainama, akaandika. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, kwa kukandamiza, maana fomu zile zilikuwa na kaboni ndani na nakala ya njano ilikuwa ya jicho la pili. Akaweka saini. Akachana nakala yake, akaibana kwa vibanio viwili kwenye kamba, kati ya foronya na foronya.

"Haya. Saini hiyo."

Mama aliinyakua fomu, akaisoma kwa sauti ya darasani, na sauti ikafa katikati. "*Mapokezi, chungu cha tatu, siku ya pili baada ya gari la maua. Nilimkamata mwenyewe kwa taulo.*"

"Povu, umeniua," Daktari alisema.

"Sijakuua. Nimejibu nilichoulizwa."

"Nilikwambia!" Mama alimgeukia mwanawe, ule ulaini umeshapotea wote. "Nilikwambia toka mwanzo! Mfua mashuka ni mfua mashuka, umvike dhahabu, umpe kiti!"

"Ni kweli, mama," Dobi alisema. "Na ile marahaba ichukue, iko mlangoni pamoja na nguo chafu."

Walitoka. Daktari aligeuka mara moja mlangoni, akamtazama kwa yale macho. Dobi alikuwa ameshachukua pasi, na aliishika vizuri, upande wa mpini.

Saa kumi kengele ililia. Baraza lilikuwa hatua ishirini tu kutoka dirishani kwake, na kila neno lilimfikia. Alimsikia Daktari akikohoa, akianza, ndugu zangu wageni, wapenzi wa msitu. Akasikia habari ya kijito, na jiwe la pili, na usiku wa utafiti, na jina la mama. Basi amethubutu! Dobi alisimama na pasi hewani. Mpaka dakika ile, naapa, alikuwa bado anangoja mwanaume yule aseme kweli, peke yake, bila kusukumwa. Angeacha pasi pale pale, angemkimbilia.

Makofi yakapigwa. Kisha, kama walivyozoea, kama walivyofundishwa naye, wageni wote wakapaza sauti kwa furaha:

"Jicho la piliii?"

Kikombe kililia juu ya kisahani.

"Lipo," Daktari alisema. "Ni... huyu ni mfanyakazi wa hapa tu."

Yale yale. Hata hakuyabadilisha.

"Basi aje tumpigie makofi!" Ilikuwa sauti ya Mama Kofia. "Mwiteni! Mbona tunamficha?"

Hakuitwa. Alizima pasi, akabandua karatasi ya njano kwenye kamba, akatoka na aproni yake iliyolowa tumboni. Watu waligeuka. Shangazi alikuwa amesimama na birika, akamwona, akaliweka chini. Dobi alipita kati ya viti mpaka kwa Mama Kofia, akampa karatasi kwa mikono miwili.

Mama Kofia alivaa miwani, akasoma kwa sauti, maana hakujua kusoma kimya. Alipofika kwenye chungu cha tatu akashusha miwani. "Lakini ni kweli! Mimi siku ile sikwenda kijitoni, miguu ilinivimba, nilikaa hapa hapa. Si niliandika kijitoni kwa sababu ndiko nilikopangiwa! Kwani nilikosea?" Akamtazama Daktari bila ubaya wowote. "Mwanangu, hukuniuliza?"

Wa chuo kikuu wakaanza kunong'onezana. Mmoja aliinuka, akaenda mapokezi, akainamia vyungu, na huko akakaa muda mrefu. Mama yake Daktari alikuwa akitazama mbele tu, mkoba umeshikwa kwa mikono yote miwili. Daktari hakumtazama mama yake wala watu wa chuo. Alimtazama Dobi, mbele za watu wote, kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

"Kwa nini?" alisema kwa midomo tu. "Si ulinipenda?"

"Nakupenda mpaka sasa hivi," Dobi alisema, naye hakunong'ona. "Ndicho kinachoniudhi."

Mgeni mmoja mpya, aliyefika siku ile ile na darubini shingoni, alikuwa hajaelewa hata moja. Akamgusa kiwiko. "Samahani dada, wewe ni nani hasa?"

Dobi alimtazama mama, kisha mtoto wa mama.

"Mimi?" alisema. "Mimi ni mfanyakazi wa hapa tu."

Akarudi zake kwenye mashuka, akafunga mlango, akalia ndani ya foronya moja mpaka ikalowa. Kisha akaifua upya, maana ilikuwa ya chumba cha Mama Kofia.